Kombi ya Herman Yapata Kivuli

Pale Nyasubi, mjini Kahama, ukitafuta fundi wa maturubai hakuna atakayekuuliza ni yupi. Utaelekezwa kwenye baraza yenye cherehani nyeusi ya miguu, na nyuma ya cherehani hiyo utamkuta Mageni, sindano ya kushonea magunia ameichomeka kwenye kilemba, akizungumza na kazi yake kana kwamba ina masikio.

"Nyooka wewe. Nyooka, usimchoshe mama wa watu."

Turubai la lori, alikuwa akisema, linataka kubembelezwa. Ukilivuta kwa hasira linakwenda upande, na kesho yake dereva anarudi na matusi ya njia nzima tangu Isaka.

Alizaliwa Songwa, upande wa Kishapu, katika nyumba yenye ng'ombe wengi na maneno machache. Baba yake alimfundisha fundo la kufungia ndama, lile linalokaza kadiri ndama anavyovuta, na linaloachia mara moja mwenyewe akivuta ncha. Alipomaliza darasa la saba, kaka yake Herman alimleta Kahama akamkabidhi kwa Mzee Liaquat, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye enzi hizo alikuwa pia akishonesha maturubai ya malori ya pamba. Mageni alianza kwa kugonga ringi za shaba kwenye pembe. Baadaye akakata, baadaye akashona, na siku Mzee Liaquat alipoacha biashara ya maturubai alimwambia, "Mageni, cherehani hii imenizoea mimi, lakini inakupenda wewe. Ichukue." Aliolewa, akamzaa Loveness, akafiwa na mume mtoto akiwa bado anatambaa, akaendelea kushona. Mizigo mingi iliyopita Kahama miaka ile ilipita chini ya mkono wake bila kulowa.

Herman yeye alikuwa mwinjilisti. Alikuwa na Kombi ya mwaka sabini na nne, juu rangi ya maziwa, chini kijani, aliyoachiwa na mzungu mmoja mchimba visima aliyekuwa akilala humo. Ndani mlikuwa na kitanda cha kukunja, kabati la vyombo na vipazia vya maua. Injini ilikaa nyuma, na kwa sababu hiyo watoto wa kila senta waliamini kwamba gari lile linajisukuma lenyewe. Herman alizunguka nalo machimbo yote, Segese, Nyarugusu, Geita, kokote watu walikokimbilia dhahabu kabla kanisa halijafika. Alikuwa akifungua ule mlango wa ubavuni, anasimama kwenye kizingiti chake, anahubiri. Mchana analala humo, jioni anafundisha kwaya. Kanisa lilimtilia mafuta, naye Kombi akaiandikisha kwa jina la kanisa, akisema kitu cha Mungu kisikae na jina lake.

Mwezi wa pili Mungu alimchukua, ghafla, Alhamisi moja akiwa amechuchumaa anabadilisha tairi. Tangu siku hiyo Mageni alikuwa mtu wa kushona, kusali na kulala. Madereva waliozoea utani wake walikuja, wakachukua maturubai yao, wakaondoka kimya kama watu waliotoka zahanati.

Ndipo mwezi wa saba, asubuhi moja, Kombi ikaingia uani ikikohoa, na kwenye usukani alikuwa Limi, mjane wa Herman. Limi alijifunza kuendesha kwa mumewe, kwenye barabara za mashimo, na aliendesha vizuri kuliko yeye, jambo ambalo Herman alikuwa akilikubali hata madhabahuni.

"Bwana asifiwe, wifi."

"Amina. Mbona umekuja nalo? Limeharibika?"

"Bado. Ila wanataka kuliharibu." Limi alikaa kwenye benchi, akavua kandambili. "Wazee wa kanisa wamekaa jana. Mzee Jilala anataka Kombi iuzwe chuma chakavu, wanunue mabati, wajenge banda Segese. Anasema waumini wa kule wanaabudu juani mpaka akina mama wanadondoka."

"Si kweli?"

"Ni kweli, wifi! Hapo ndipo pananiuma. Wanadondoka. Lakini banda ni la Segese tu. Na wale wa Nyarugusu? Na wale wa kule porini ambao wiki hii wako hapa, wiki ijayo dhahabu imehama nao wamehama? Banda litawafuata?"

"Wewe ukasemaje?"

"Nikasimama nikasema, Kombi tutaiwekea kivuli. Wakacheka. Mzee Jilala akasema," na hapo Limi akatoa ile sauti nzito ya mzee huyo, ambaye herufi ya r haikuwahi kupita mdomoni mwake salama, "'Mala mbili Helimani alifunga shuka pale, mala mbili liliondoka na upepo. La pili tuliliokota kwenye kalai la mtu. Haya, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane naja mwenyewe. Tulubai likisimama tangu wimbo wa kwanza mpaka balaka, Kombi ibaki, na wewe Limi uendelee na kazi ya mumeo. Likianguka, Jumatatu naita watu wa chuma.'"

Mageni hakucheka. Aliitazama Kombi, mlango wake, kile kizingiti kilichochakaa upande mmoja kwa viatu vya mtu mmoja. Kisha akachomoa sindano kwenye kilemba.

"Geuza gari," alisema. "Ubavu wa mlango uangalie huku."

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Chacha, mchomeleaji, Mkurya kutoka Tarime, mtu mwenye mikono ya kuvunja na moyo wa kutengeneza. Alikuja na drili tayari mkononi.

"Kazi ndogo," alisema akipiga bodi kofi. "Tunatoboa hapa juu, matundu sita, tunapiga bolti, tumemaliza kabla ya chai."

"Toboa kichwa chako."

"Mama Loveness, bati hili lina miaka hamsini!"

"Ndiyo maana halitobolewi. Ukilitoboa leo, mwakani kutu imekula mpaka dirishani. Mtu wa miaka hamsini unamtoboa?"

"Nyie Wasukuma mkiwa na kitu kizee mnakiamkia shikamoo. Sisi kwetu Tarime..."

"Kwenu Tarime hata salamu mnatoa kama mnagombana. Weka drili chini, njoo uone."

Akapanda juu ya kigoda, akapitisha kidole kwenye ukingo wa paa. Kombi za zamani zina mfereji mwembamba unaozunguka paa lote, wa kuzuia maji ya mvua yasimwagikie mlangoni.

"Huu hapa. Nitengenezee vibano vinne vya chuma vinavyoung'ata mfereji huu kwa chini na kwa juu. Ndani ya kila kibano weka kipande cha tyubu ya baiskeli, rangi isichubuke. Juu ya vibano tunafunga reli, na ndani ya reli tunapitisha turubai."

Chacha aliangalia mfereji, akamwangalia Mageni, akaangalia drili yake kwa huzuni. "Hilo wazo umelitoa wapi?"

"Mzungu aliyetengeneza gari alishaniwekea. Mimi nimeliona tu."

Reli ilipatikana dukani kwa Mzee Liaquat. Siku hizi duka linaendeshwa na mjukuu wake, Pinky, na mzee anakaa mlangoni kwenye kiti cha plastiki akipokea salamu za mji mzima.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Mageni binti yangu. Pole tena na msiba. Kaka yako alikuwa akija hapa kununua skrubu moja. Moja! Halafu anakaa saa nzima ananiuliza habari za Mungu, kama vile mimi ndiye ninayemwuzia." Akacheka mpaka akakohoa. "Unataka nini?"

Mageni alimweleza. Mzee akamtuma Pinky stoo, naye akarudi na upau mrefu wa aluminiamu, ule unaotumika kwenye madirisha ya kuteleza, wenye mdomo mwembamba na tumbo pana. Mageni alipouona tu alijua. Pindo la turubai lenye kamba ndani lingeingia kwenye tumbo lile kwa kuteleza kutoka nyuma, na mdomo mwembamba usingeliachia hata likivutwa na ng'ombe.

Alishona siku nne. Alichagua turubai zito la kijani, lililofanana na tumbo la Kombi, akalikata liwe pana kidogo upande wa gari na fupi kidogo upande wa nje. Kwenye pindo la juu alishonea kamba ya katani, mishono miwili sambamba, akiusukuma mguu wa cherehani mpaka goti likalia. Pindo la chini alilifanya mfuko wa kupitishia bomba. Kwenye pembe aligonga ringi, mbilimbili, juu ya viraka vya ngozi. Chacha akaleta nguzo nne za bomba zenye kuingiliana, za kurefushwa na kufupishwa kwa pini. Na katika siku zile nne, watu wa Nyasubi walimsikia tena Mageni akigombana na kitambaa.

Siku ya majaribio walilifunga uani. Likateleza kwenye reli kama ulimi mdomoni. Likasimama. Limi akapiga kigelegele, akaingia chini yake akazunguka. Chacha akaleta kiti akakaa kivulini akaagiza chai ambayo hakuna aliyekuwa anampikia.

Ndipo kikapita kimbunga cha vumbi, vile vidogo vya kiangazi vinavyotembea mtaani kama mlevi. Kiliingia uani kwa mlango, kikaingia chini ya turubai, turubai likavuta pumzi, na vigingi vyote vinne vikachomoka ardhini pamoja. Nguzo zikacheza ngoma. Kuku wakapanda ukuta. Chacha akakutwa chini, kiti juu yake, anasema, "Mimi nilisema tutoboe."

"Kutoboa kungesaidia nini? Reli imeachia?"

Haikuachia. Mageni aliikagua kila kibano. Upande wa gari ulikuwa umeshika kama meno. Ubaya ulikuwa ardhini.

"Na Segese ni kubaya zaidi," alisema Limi. "Kule ukipiga kigingi, ama unakuta mwamba ama unakuta shimo la mtu. Ardhi yote imeshachimbwa."

Mageni aliokota kigingi kimoja akakitupa kando. "Basi hatupigi vigingi. Tunachukua salfeti nne tupu, mifuko ile ya mbolea, tukifika tunazijaza udongo, kila nguzo inabeba salfeti yake kwa kamba. Udongo upo kila mahali, hatuna haja ya kuubeba."

Udongo upo kila mahali. Alilisema hilo mtu aliyeishi mjini miaka thelathini na kitu, na wote wakaona ni sawa.

Jumapili ya kwanza ya mwezi wa nane waliondoka alfajiri, Limi kwenye usukani, Mageni pembeni amepakata Biblia na mfuko wa ringi za akiba, Chacha nyuma kwenye kitanda cha kukunja, anayejiita Mkatoliki wa Krismasi lakini aliyekataa katakata kuachwa. "Vibano vyangu vinakwenda kuhukumiwa," alisema, "nami nisiwepo?"

Walifika saa moja na nusu. Kiwanja cha ibada kilikuwa nyuma ya soko, kipara, chekundu, hakina hata mti wa kuning'iniza koti. Waumini walikuwa wameanza kufika na mabenchi yao kichwani. Walipoiona Kombi wakaizunguka, wakaishika, wengine wakafuta machozi na kucheka kwa wakati mmoja. "Gari la Baba Mwinjilisti! Mwangaluka, mwangaluka!" waliamkia kwa Kisukuma.

Pembeni ya kiwanja kulikuwa na kichuguu cha mchanga wa kijivu, laini kama unga. Mageni aliuchota kwa kiganja. Ulikuwa mzito ajabu, kuliko mchanga wowote aliowahi kuushika, akafurahi. Jirani yake palikuwa na mama mmoja, Vumilia, akiuza uji.

"Dada, huu udongo vipi, una kazi?"

"Huo?" Vumilia hakugeuka hata, alikuwa anakoroga. "Hayo ni marudio tu, mama."

Mageni akaelewa kwamba ni udongo uliotolewa shimoni na kurudishwa, mabaki, kitu kisicho na mwenyewe. Wakazijaza salfeti nne mpaka shingoni, wakazishona midomo, wakazifunga kwenye kamba za nguzo kwa fundo la ndama. Turubai likapitishwa relini, bomba likapita kwenye mfuko wake, nguzo zikanyanyuliwa, upande wa mashariki chini kidogo kwa sababu upepo wa pale huanzia huko. Mageni alilibana, halafu akalilegeza kiasi cha vidole viwili. Turubai lililobanwa sana hupasuka, na lililolegea sana hupiga makofi wakati wa sala.

Saa tatu kasoro Mzee Jilala alifika na pikipiki ya kukodi, mtu mnene, mrefu, aliyechunga ng'ombe hadi uzeeni na ambaye mabega yake yalikuwa bado hayajasikia habari za uzee. Alilizunguka turubai mara mbili. Akasukuma nguzo kwa kidole. Akakaa kwenye benchi la mbele, upande wa nguzo ya tatu, akavua saa ya mkononi akaiweka juu ya goti.

"Wimbo wa kwanza," alisema. "Nahesabu."

Kwaya ikaimba. Watu karibu themanini walikuwa chini ya kivuli, na wengine waliobaki nje wakisogea kidogo kidogo kukifuata. Akina mama waliwavua watoto kofia. Limi alisimama pale kwenye kizingiti alipokuwa akisimama mumewe, akaanza kusali kwa sauti iliyotetemeka mwanzoni na kunyooka baadaye. Upepo ulianza kuvuma, salfeti zikavutwa, kamba zikakaza, turubai likajaa na kutulia. Mageni alikuwa amesimama kwenye nguzo ya kwanza anamshukuru Mungu kimoyomoyo, nguzo moja baada ya nyingine.

Saa nne na nusu, kwaya ikiwa katikati ya wimbo wa pili, alikuja mtu mbio kutoka sokoni, kijana mmoja, viatu vya mpira mpaka magotini, tope la kijivu mpaka kwenye nyusi.

"Marudio!" alipiga kelele. "Jamani, marudio!"

Mwalimu wa kwaya aligeuka, uso ukamng'aa. Hakuwa amewahi kuombwa arudie wimbo na mtu wa nje. Akanyoosha mkono, kwaya ikarudi ubeti wa kwanza kwa nguvu mpya.

"Marudio! Marudio yangu!"

"Amina!" waumini wakajibu. Mama mmoja akapiga kigelegele. Kwaya ikarudia tena, sauti ya nne ikishuka chini kabisa mpaka benchi likatetema.

Yule mtu akashika kichwa. "Siyo wimbo! Mchanga! Mchanga wangu!" Akawa ananyoosha kidole kwenye salfeti.

Mageni akaacha nguzo akamwendea, akamvuta pembeni. Jina lake lilikuwa Adam. Alisema kwa haraka, akihema, na Mageni akaelewa neno moja baada ya jingine kama mtu anayevuliwa nguo. Marudio ni mchanga uliokwisha kuoshwa mara moja, ukatolewa dhahabu ya haraka, na uliobaki na dhahabu yake ya siri ndani. Kile kichuguu cha kijivu kilikuwa jasho lake la miezi mitano. Lori la mwenye mtambo wa kuchenjulia dhahabu lilikuwa limesimama barabarani, linapakia sasa hivi, na lingeondoka likijaa.

"Nimeona kichuguu kimepungua, nikajua nimeibiwa," alisema Adam. "Nikafuata nyayo. Zimenileta kanisani! Mama, nimeogopa hata kuuliza."

"Mwanangu, nisamehe. Nimeuliza, nikaambiwa ni marudio tu."

"Marudio *tu*?" Adam alicheka licha ya haraka yake. "Mama, wewe umetoka wapi?"

"Nyasubi."

"Ahaa. Basi nimeelewa."

Mageni akamtazama Mzee Jilala. Mzee alikuwa ameishika saa mkononi sasa, akiangalia upande wao. Ibada ilikuwa imebakiza muda wa saa mbili, na upepo ulikuwa unaongezeka. Ingekuwa rahisi kumwambia Adam asubiri baraka. Pengine angekubali, alikuwa na uso wa mtu mwema. Lakini lori lisingesubiri, na Mageni hakuweza kuona ni baraka gani ingetua juu ya watu waliofunikwa na jasho la mtu mwingine. Herman angekuwa ameshazifungua hizo salfeti, tena akiimba.

Akaiendea nguzo yake. Mkono mmoja akakamata kamba juu ya fundo, mwingine akavuta ncha. Fundo likaachia, salfeti ikaanguka kando, na kamba ikabaki mikononi mwake. Turubai likamvuta, akalivuta.

"Chukua, mwanangu. Chacha! Nguzo ya pili!"

"Kuna nini?"

"Shika kwanza, uliza baadaye!"

Chacha akaruka benchi, akakamata. Adam akajitwika salfeti moja begani, akaondoka nayo mbio, akarudi kwa nyingine. Kwenye nguzo ya nne akina mama watatu wa sauti ya pili walielewa bila kuambiwa. Wakaiachia salfeti ya pale na kuishika kamba huku wakiimba, hawakuruka hata noti moja.

Ikabaki nguzo ya tatu. Wimbo uliisha, Limi akaanza kuhubiri. Adam alirudi, akaichomoa salfeti ile, na kamba ikaning'inia bila mtu. Upepo ukachagua dakika hiyo. Ulipita kiwanjani na vumbi lote la soko, ukaingia chini, turubai likapanda, nguzo ya tatu ikanyanyuka juu ya ardhi hatua nzima, watoto waliokuwa chini yake wakatazama juu midomo wazi. Kombi yenyewe ikayumba. Limi akanyamaza katikati ya sentensi.

Mzee Jilala alikuwa wa karibu kuliko wote. Kama angekaa tu pale, na saa yake gotini, yale aliyoyataka yangetimia bila yeye kusema neno. Lakini watoto walikuwa chini ya bomba lile. Saa ikaanguka mavumbini, mzee akanyanyuka, akaidaka kamba hewani kama anavyodaka pembe ya dume, akaizungusha kiunoni, akakaa chini kwa uzito wake wote. Nguzo ikashuka. Turubai likatulia.

"Endelea, Limi!" alinguruma. "Endelea kuhubili!"

Limi akaendelea. Aliyekuwa amechoka kushika alipokezwa na mwingine, kwa nyimbo; kila wimbo ukiisha, zamu inabadilika. Waliokuwa nje juani wakaomba zamu kwa sababu mshika kamba alipata kivuli. Adam alipomaliza kupakia alirudi, ameshanawa uso, akaichukua kamba mikononi mwa Mageni. "Kaa, mama. Mimi nina deni la kusikiliza, nimevuruga kwaya." Mageni akakaa kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Ni nguzo ya tatu peke yake ambayo haikuwa na zamu. Kila aliyemwendea Mzee Jilala alifukuzwa kwa nyusi.

Saa saba kasoro Limi alinyoosha mikono, akatoa baraka. Watu wakaitikia amina moja ndefu. Halafu wote wakageuka kumtazama mzee aliyekaa chini mavumbini, kamba kiunoni, suti yake ya Jumapili imekuwa rangi ya Segese.

Mageni akaenda akachuchumaa mbele yake. "Shikamoo, Mzee. Mchanga wa kwenye salfeti haukuwa wetu. Tuliurudisha. Turubai halikusimama kwa vitu tulivyokuja navyo, na sitakudanganya."

Mzee Jilala alijipangusa vumbi kwenye nyusi. "Nilisema tulubai lisimame tangu wimbo wa kwanza mpaka balaka," alisema. "Limesimama?"

"Limesimama."

"Nilisema lisimame lenyewe?"

"Hukusema, Mzee."

"Basi mnanitazamia nini?"

Chacha ndiye aliyeanza kupiga makofi, na baada yake kila mtu. Limi alishuka kwenye kizingiti akamkumbatia wifi yake, wakalia, na katikati ya kulia Mageni akashikwa na kicheko, kile chake cha zamani cha kuinamia magoti, alichokuwa hajakitoa tangu mwezi wa pili. Alikuwa amemkumbuka yule mwalimu wa kwaya. "Marudio!" alisema akijipangusa macho. "Akafikiri... akafikiri anaombwa..." Akashindwa kumaliza. Mwalimu wa kwaya naye, ambaye ndiyo kwanza anaelewa, akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Vumilia akaleta uji uliobaki, wengine wakafungua vyungu vyao, na watu wakala wakiwa wamekaa kivulini, wakipanga kwa sauti kubwa nani ashike nguzo gani Jumapili ijayo, na nani aende na Kombi Nyarugusu kuwafundisha wenzao namna ya kushika. Akina mama wa sauti ya pili walitangaza kwamba nguzo ya nne ni yao milele na hawataki ushindani.

"Mzee," Mageni alisema, "baraka imeshatoka. Achia kamba upumzike."

"Hawa watu wanakula," alijibu Mzee Jilala, akijiweka sawa mavumbini. "Nikiachia watakula na vumbi. Wewe niletee tu kikombe, mkono mmoja unatosha. Na umwambie yule Mkulya wako anipigie simu watu wa chuma chakavu, namba zao ziko mfukoni mwa koti. Awaambie kesho wasije."